Mpumzishe Mkubwa

Mume wangu watu wanamwita Kijani. Si kwamba anapenda mboga, wala hana shamba. Ni kwa sababu ya taa. Ukimuuliza asubuhi, "Habari za kazi?" hasemi nzuri wala mbaya kama binadamu wengine. Anasema, "Kijani tupu!" Basi jina likamganda, mpaka mama yangu mzazi, anayejua kuheshimu wakwe kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, siku moja alijisahau akamwita Kijani mbele ya wageni. Alitamani ardhi ipasuke. Mume wangu yeye alicheka tu, tena akafurahi.

Kazi yake nitawaeleza kama alivyonieleza, na mimi si mjinga lakini ilibidi arudie. Zipo zahanati nyingi zinazotumia mfumo mmoja wa kumbukumbu: nani kaja, kapimwa nini, majibu yake yapi, arudi lini. Hata zahanati ninayofanya kazi mimi, dirisha la mapokezi, imo humo. Kumbukumbu hizo hazikai kwenye kompyuta moja, maana ikifa zimekufa nayo. Zinakaa kwenye kundi la mashine, zote zimeshika kitu kile kile, moja ikianguka nyingine inadaka. Makundi hayo ndiyo anayoyachunga mume wangu. Na msidhani anashika waya au bisibisi. Anafungua ukurasa kwenye kompyuta, kama wewe unavyofungua kusoma habari, na kila kundi lina kisanduku chake na taa yake. Kijani, kundi zima. Njano, linaumwa. Nyekundu, kimbia. Akitaka kuongeza mashine anabofya. Akitaka kulipumzisha kundi lisilo na kazi anabofya, na likipumzishwa limefutika na vyote vilivyomo, haliamki tena.

"Kidole kimoja tu, mama watoto," huniambia, na kidole chenyewe ananionyesha, kana kwamba mimi sina.

Kabla ukurasa huo haujaja, kazi ilikuwa ya Mwalimu. Mwalimu ni mama mtu mzima aliyekuwa akifundisha hesabu darasani kabla hajahamia kwenye kompyuta, na jina la darasani amehama nalo. Ndiye aliyempokea mume wangu ofisini akiwa hajui hata aanzie wapi. Yeye makundi aliyaendesha kwa dirisha jeusi, maandishi matupu, hakuna kitufe wala taa. Unaandika amri kwa mkono, ukikosea nukta imekula kwako. Ukurasa ulipoletwa aliuchungulia siku moja, akasema amri yake anaiandika haraka kuliko wao wanavyotafuta kitufe, akarudi kwenye weusi wake. Tangu hapo wakagawana: Mwalimu anaamua nini kifanyike na kujenga mashine mpya, mume wangu anabofya.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Tulienda kwetu, akawaambia kaka zangu kwamba Mwalimu ni mtu mzuri ila enzi zimempita, bado anaiandikia kompyuta barua. Kaka zangu wakacheka. Mimi nilimkanyaga mguu chini ya meza, akadhani namtania, akaongeza na nyingine.

Makundi yenyewe yalikuwa mawili, na Mwalimu ndiye aliyeyapa majina. La kwanza alilojenga aliliita Mkubwa. La pili likaitwa Mdogo. Mwenyewe alikuwa akisema, "Hawa ni kama wanangu, mmoja nimemzaa mbele, mmoja nyuma." Ofisi nzima wakayashika majina hayo, Mkubwa hivi, Mdogo vile, hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Ukumbi umejaa, mabenchi yamejaa, akina mama wengine wamekaa ngazini na matumbo yao. Nilikuwa naingiza jina la mama mmoja, nimefika katikati, skrini ikakatika. Si kuganda, maana kuganda tumekuzoea. Hii ilisema hakuna kumbukumbu. Nikajaribu jina jingine: hakuna. Nikaandika jina langu mwenyewe, mimi niliyejifungulia wanangu wote hapo hapo: hakuna mtu kama huyo. Maabara nao wakatoa vichwa nje wakiuliza kama kwangu pia kumekufa.

Nikampigia Kijani.

"Kwenu kuna nini?"

"Hamna kitu," akasema. "Mtandao tu. Subirini."

Mimi nimelala na huyu mtu kitanda kimoja miaka na miaka. Sauti yake naijua. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. Lakini foleni ilikuwa inanipigia kelele, nikakata simu.

Kumbukumbu zilirudi mchana, maana Mwalimu huwa anaweka nakala za akiba. Alikaa kwenye dirisha lake jeusi akazirudisha zote, isipokuwa za asubuhi ile, ambazo nakala ilikuwa haijazichukua. Kwa hiyo waliotolewa damu asubuhi majibu yao yalipotea, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwapigia simu warudi. Mama mmoja aliniuliza, "Dada, damu yangu mmeipoteza? Mmeiweka wapi?" Nikamwambia damu ipo, majibu ndiyo hayapo. Akasema, "Basi nitajieni siku mtakayompoteza mtoto, nisije." Walirudi wakachomwa upya, wengine wakinikata jicho kama sindano ni yangu.

Jioni nyumbani nikamuuliza Kijani ilikuwaje. Akavua viatu polepole, mtu ambaye kwa kawaida anavirusha.

"Mwalimu alikosea amri," akasema. "Alinitumia ujumbe nipumzishe Mkubwa. Nikapumzisha. Kumbe Mkubwa ndiye mwenye kazi."

"Masikini," nikasema. "Na umri ule. Na bosi?"

"Bosi ameona ujumbe wenyewe. Mwalimu mwenyewe amekubali."

Nikamwonea huruma Mwalimu, nikamwonea huruma na mume wangu, nikampakulia chakula. Hakula. Nikafikiri ni uchovu. Asubuhi yake jirani alimsalimia, "Vipi, kijani tupu?" akajitia hamnazo, akapita.

Hazikupita siku nyingi, niko dirishani kwangu, nikainua macho nikamwona Mwalimu. Amevaa vizuri kama anakwenda kusimamia mtihani, na binti yake kamshika mkono kwenye kiwiko, mshiko wa kumshika mgonjwa. Nikasimama kumwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mbona hapa, unaumwa?"

Akainamia kile kitundu cha kioo, akashusha sauti, lakini ni mtu aliyezoea darasa, sauti yake haishuki sana. "Nimeanza kuchanganya mambo. Kule kazini nimezimisha kitu cha watu wengi, na nilivyo mpaka leo nikikaa nikafikiri naona nilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo inayonitisha. Mama yangu alianza hivyo hivyo. Mwisho alikuwa ananiamkia mimi shikamoo."

Binti yake akatazama pembeni.

"Nimeshaomba nipumzike," Mwalimu akaendelea. "Bosi atatoa jibu mwanzo wa wiki. Siwezi kuendelea kushika afya za watu na kichwa hiki. Haya, niandike, niandikie daktari wa kichwa."

Nikamwandika. Nilipofika mahali pa kujaza tatizo la mgonjwa, akanitajia mwenyewe: "Andika kusahau." Alipotoka kwa daktari, binti yake alinipitia akaniambia wamemuuliza leo ni siku gani, wamemwambia ahesabu kurudi nyuma, wamemwonyesha picha ya saa. Mwalimu wa hesabu, jamani, ahesabu kurudi nyuma. Alifanya vizuri lakini daktari akasema dalili za mwanzo hujificha, arudi tena, na nyumbani ajiandikie vikaratasi vya kumkumbusha.

Nilifika nyumbani nalo. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Nikamsimulia Kijani yote, na niliposema "andika kusahau" nikaanza kulia. Nikategemea aseme masikini. Yeye alikuwa anautazama mkono wake mezani.

"Baba watoto."

Akakikunja kidole kimoja, kile cha kubofya.

"Wewe! Nasema na wewe. Kuna nini?"

"Hakukosea," akasema.

"Nani hakukosea?"

"Mwalimu. Hakukosea."

Ikatoka vipande vipande, kama mtu anayejitoa mwiba. Ukurasa ulipoletwa haukuyajua majina ya makundi. Ulikuwa unayaonyesha kwa tarakimu ndefu tu, na chini yake pana nafasi: andika jina la kundi hili. Aliyekaa kwenye kiti siku hiyo ni yeye. Akaangalia, akaona kundi moja nene, mashine tele, na jingine dogo, limekonda. Akaandika lile nene Mkubwa, lile jembamba Mdogo. Hakuuliza. Amuulize nani, na yeye ndiye bwana wa ukurasa?

"Kumbe Mwalimu akisema Mkubwa anamaanisha wa kwanza kuzaliwa," akasema. "Yule wa zamani. Zahanati zote zilishahamishiwa kwa Mdogo, Mdogo akakua akampita kaka yake. Ndiyo maana akasema Mkubwa apumzishwe. Hana kazi tena."

"Na wewe ukamzima yule mnene."

"Ukurasa uliniuliza una hakika. Ukasema kama una hakika andika jina la kundi kwa mkono wako. Nikaandika. Mkubwa."

Jamani! Mimi nina kaka mkubwa ambaye ananifika begani. Hata mtoto wa chekechea anajua mkubwa si unene. Lakini niseme kweli, na mnene naye tunamwita mkubwa. Hilo kosa lingeweza kumpata mtu yeyote, na ningemsamehe papo hapo, nikamcheka na mwaka mzima.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Siku ile ile. Mwalimu alipofungua dirisha lake akasema, mbona Mkubwa yupo mzima, aliyeondoka ni Mdogo. Nikajua pale pale."

"Na bosi?"

"Bosi alikuja akaangalia ujumbe, umeandikwa Mkubwa. Akaangalia ukurasa, kilichozimwa kimeandikwa Mkubwa. Mwalimu akauliza, nani kaandika haya majina? Bosi akamwambia, si wewe uliyeyapa majina? Akasema, ndiyo, ni mimi. Akakaa. Akasema, basi nimejisahau mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama hapo."

"Umesimama hapo!"

"Nilikuwa nataka kusema. Nikasubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza."

Nilimpa maneno. Sitayaandika hapa, maana watoto wangu wanajua kusoma. Nilimwambia mficha uchi hazai. Nilimwambia kama ni kazi na iende, tutakula mihogo, lakini mwanamke wa watu hawezi kupimwa akili kwa sababu mume wangu anaona haya. Na aibu niliyokuwa nayo, niwaambie, haikuwa ya kazi. Niliona aibu kwamba chakula anachokula kwangu nimekuwa nakipika kwa mapenzi. Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Sikumbembeleza.

"Kesho kabla ya bosi," nikamwambia, "tunaanza kwa Mwalimu. Na mimi nakuja, usije ukasimama hapo tena."

Njiani mimi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumtetea, maana akiwa mpumbavu ni mpumbavu wangu. Ningesema aliogopa. Ningesema ana watoto. Ningesema hakulala, na ni kweli hakulala.

Binti yake Mwalimu alitufungulia. Sebule ni safi, ndogo, makochi ya kitambaa, na kuta zimejaa vikaratasi. Vya njano, vya kubandika. *Zima jiko. Funguo ziko kwenye ndoano. Dawa baada ya chakula.* Hati ya Mwalimu, nzuri, imesimama wima kama ya ubaoni. Kimoja kilikuwa na jina la binti yake, na chini yake *mwanangu wa pekee*. Binti alituona tunakisoma, akaenda jikoni.

Mwalimu alimshika mume wangu mikono yote miwili. "Karibu, mwanangu. Karibuni, kaeni. Mmekonda, mna nini?"

Kijani hakukaa. "Mwalimu, hukukosea."

"Nini?"

"Ule ujumbe. Ulikuwa sahihi. Majina kwenye ukurasa niliandika mimi. Niliyageuza. Yule mnene nikamwita Mkubwa."

Mwalimu alimtazama. "Rudia."

Akarudia, yote, mpaka tarakimu ndefu na nafasi iliyo chini yake. Nilimwona Mwalimu akiyafuata kwa midomo, kama anayekagua hesabu ya mwanafunzi mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye jibu.

"Ulipima kwa unene!" akapiga kelele. "Ala! Mimi nilihesabu kwa kuzaliwa, wewe umepima kwa unene!" Akacheka, akajipiga mapaja, machozi yakamtoka. "Mwanangu! Njoo usikie huku! Mama yako ana akili zake zote! Haijapungua hata moja!" Akanikumbatia mimi, akamkumbatia Kijani, na mume wangu akaanza kutabasamu, yule mjinga, akidhani yamekwisha. Hata mimi nilidhani yamekwisha.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Hakucheka.

"Kaka," akasema, "umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile. Kwa hiyo mama alipokupigia simu, akakuuliza kama na wewe umemwona anachanganya mambo, ulikuwa unajua."

Hilo la simu mume wangu hakuniambia. Nikageuka kumtazama.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ukamjibu nini? Sema. Mimi nilikuwepo, alikuweka kwenye spika. Mwambie mkeo ulimjibu nini."

Akasema kwa sauti ambayo ilibidi niisogelee. "Nilimwambia amefanya kazi sana. Nikamwambia, pumzika, Mwalimu."

Maneno yangu yote ya kumtetea yalifutika kichwani. Mwalimu alikuwa ameacha kucheka. Alimwachia mkono, akakaa kwenye kochi, akazinyoosha nguo zake magotini. Binti akasema, "Tokeni," na mimi nikashika mkoba wangu, ilikuwa haki yake.

"Mwache," Mwalimu akasema. "Kwanza anibandulie hivi vikaratasi. Yeye ni mrefu, na mimi sivihitaji tena."

Kijani akaanza ukutani. Akabandua cha jiko, akabandua cha funguo. Akabandua cha jina la binti, akampa mwenyewe mkononi, binti akakipokea bila kumtazama. Akafika mlangoni, juu, mahali ambapo mtu anayetoka lazima asome, akainua mkono kisha akasimama hivyo hivyo, mkono juu. Nikasogea nikasome ni nini.

Kilikuwa kwa hati ile ile ya ubaoni: *Usisahau kumwomba radhi Kijani. Umemponza kijana wa watu.*

Mwalimu alikuwa amegeukia dirishani.

"Na hicho," akasema.